"Piga" haina neno moja kwa Kiingereza

Madaftari mengi ya wanaojifunza Kiingereza hapa Uganda yamegawanywa hivi: kushoto neno la Kiingereza, kulia maana yake. Mpangilio huo unatosha kwa jaribio la Ijumaa, lakini kwa kuongea hautoshi. Chukua kitenzi "piga". Sisi tunapiga simu, pasi, picha, kura na mswaki. Kiingereza kina "call", "iron", "take a picture", "vote" na "brush your teeth". Aliyekariri kwamba "beat" ni piga, atatafuta fimbo ya kumpigia mtu picha.

"Sikia" nayo ni hivyohivyo: njaa kwa Kiingereza ni "feel", harufu ni "smell", kelele ni "hear". Na kwa kuwa "okuwulira" ya Luganda hubeba kusikia kwa masikio na kuhisi mwilini, kosa hili lina mizizi miwili.

Linalosumbua zaidi ni mwelekeo wa tendo. Kiswahili huugeuza kwa kubadili mwisho wa kitenzi: kopa, kopesha, kumbuka, kumbusha. Kiingereza hutumia maneno tofauti kabisa: "borrow" na "lend", "remember" na "remind". Tena "azima" yetu huenda pande zote mbili, ndiyo maana "borrow me your pen" haiishi madarasani. Jozi kama hizi usijifunze siku moja. Zikiingia pamoja hung'ang'aniana, na ukihitaji moja zinakuja zote mbili. Anza na "borrow a pen from her", pamoja na hiyo "from" yake. "Lend" isubiri wiki mbili.

Kwa hiyo andika kifungu kizima, si neno pekee. Nunua karatasi moja ya manila, ikate vipande vya ukubwa wa karata. Mbele andika sentensi fupi ya Kiswahili na upigie mstari sehemu unayoitaka. Nyuma andika kifungu cha Kiingereza. Upande wa kuanzia ni Kiswahili. Kuona neno la Kiingereza ukakumbuka maana ni rahisi, na urahisi huo hukudanganya kwamba neno unalo. Tamka jibu kwa sauti kabla ya kugeuza kadi.

Kila kadi irudiwe baada ya siku 1, 3, 7 na 16. Ukikosea, inaanza upya. Maneno mapya 7 kwa siku yanatosha. Piga hesabu: ukifika siku ya 17, kila siku una kadi 7 mpya na 28 za kurudia, jumla 35, bila kuhesabu ulizokosea. Ukianza na 20 kwa siku, zitakuwa 100, na hapo ndipo wengi huliacha boksi la kadi chini ya kitanda.

Maneno gani? Orodha ya mwaka 1953 ya Michael West, mtaalamu wa kufundisha Kiingereza, yenye maneno kama 2,000 ya matumizi ya kawaida, ni ya zamani lakini bado inafaa kuanzia. Baada ya hapo soma. Fungua gazeti la New Vision, hesabu maneno 100 ya habari moja: yakikushinda zaidi ya 5, tafuta maandishi mepesi zaidi kwa sasa.

Weka pia alama ya mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara. Kiingereza hakina utaratibu huo. "Photograph" hukazwa mwanzoni, "photographer" kwenye silabi ya pili.

Maneno ya mtaani Kampala yaandikie UG pembeni. "Balance" kwa maana ya chenji na "extend" kwa maana ya sogea ni Kiingereza halali ndani ya taksi yetu ya abiria 14. Sioni sababu ya kuyaonea aibu. Ila ukifika London ukaita "taxi", itakuja ile gari ndogo ya kukodi ambayo sisi huiita "special", na bei yake ni ya special kweli.