Je, wajua? Hesabu za matetemeko ya ardhi ziliwahi kupewa kazi ya kusaka wezi

Mwaka 2011 polisi wa Santa Cruz, mji wa pwani huko California, Marekani, walianza kutoka doria wakiwa na ramani yenye visanduku vidogo. Kila kisanduku kilifunika eneo la takriban mita 150 kwa 150. Askari aliyepata nafasi kati ya tukio moja na jingine alitakiwa apite humo, aonekane, kisha aendelee na shughuli zake. Mwaka huohuo Los Angeles nayo ikaanza majaribio. Programu iliyochora visanduku hivyo ilikuja kuuzwa kwa jina la PredPol, na ilizaliwa katika ushirikiano wa polisi na watafiti wa vyuo vikuu, akiwamo mwanaanthropolojia Jeff Brantingham na mwanahisabati George Mohler. Cha ajabu, hesabu iliyokuwa ndani yake haikutungwa kwa ajili ya wahalifu. Iliazimwa kwa wataalamu wa matetemeko ya ardhi.

Wizi na tetemeko vimekutana wapi?

Kabla ya kujibu, nikiri kosa langu, maana sidhani kama nililifanya peke yangu. Kwa muda mrefu nilikuwa nikisikia “kompyuta inayotabiri uhalifu” naona kichwani chumba chenye skrini ukutani, kamera zikimfuata mtu mtaani, na mashine ikisema: huyu, kesho saa nne, ataiba. Nikawa nawasimulia watu hivyo, tena kwa kujiamini. Siku moja mtu akaniuliza swali dogo tu: “Sasa hiyo mashine inalishwa nini?” Nikababaika. Nilipokwenda kusoma, nikakuta inalishwa vitu vitatu: aina ya kosa, mahali lilipotokea, na wakati lilipotokea. Basi. Haina sura ya mtu, haina jina, haina namba ya simu, wala haikuunganishwa na kamera hata moja.

Kumbe nilikuwa nimefunga mizigo mitatu kwenye kamba moja. Mzigo wa kwanza ni kamera za kutambua sura. Hizi hazitabiri chochote. Zinalinganisha sura inayopita na sura zilizo kwenye orodha ya wanaotafutwa, zikiona zinafanana zinapiga kengele. Kosa lake huwa ni kumfananisha mtu asiyehusika. Mwaka 2017, kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Cardiff, mfumo wa polisi wa Wales Kusini ulipiga kengele 2,470, na kati ya hizo 2,297 zilikuwa za watu wasio wenyewe. Kamera haikusema kwamba watu hao wangefanya uhalifu. Ilisema tu, kimakosa, kwamba wao ni watu fulani.

Mzigo wa pili ni orodha za watu. Chicago iliwahi kuwa nayo: kila aliyemo alipewa alama kuonyesha uwezekano wa kuhusika katika tukio la risasi, ama kama mfyatuaji ama kama mpigwaji. Hiyo angalau ilikaribia ile picha yangu ya kichwani, ila nayo ilitegemea kumbukumbu za polisi zilizokuwapo, si macho ya kamera, na ilisimamishwa ilipokaribia mwaka 2020.

Mzigo wa tatu ndio visanduku. Hapa haulizwi nani, unaulizwa wapi na lini. Na hata hapo neno “kutabiri” linabeba zaidi ya uwezo wake. Mpiga ramli hukutajia siku na mtu. Hesabu hii inasema tu kwamba kisanduku hiki kina uwezekano mkubwa kidogo kuliko kile. Wataalamu wa matetemeko wenyewe wako wazi kuhusu hilo kuliko wauza programu: Idara ya Jiolojia ya Marekani inasema bayana kwamba hakuna mwanasayansi aliyewahi kutabiri tetemeko kubwa. Kwa hiyo polisi waliazima chombo cha kutabiri kutoka kwa watu wanaosema hawatabiri.

Walichoazima hasa ni elimu ya kinachofuata baada ya tetemeko. Ardhi ikitikisika kwa nguvu haitulii hapohapo. Hufuata mitetemeko midogo, mingi mwanzoni, halafu inapungua. Mwaka 1894 Mjapani Fusakichi Omori alionyesha kwamba kupungua huko kuna mpangilio: siku ya kumi hutarajiwa kuwa na mitetemeko kama sehemu ya kumi ya ile ya siku ya kwanza. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1988, mtakwimu Yosihiko Ogata aliongeza jambo: kila mtetemeko, hata ule mdogo, unaweza kuzaa mingine. Ukapatikana ukoo mzima, wenye bibi, mama na wajukuu.

Wizi wa kuvunja nyumba nao una ukoo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, ukilinganisha miji ya nchi tano zikiwamo Uingereza, Australia na Marekani, uliona kwamba nyumba ikishavunjwa, zile zilizo ndani ya mita 200 hubaki kwenye hatari zaidi kwa angalau wiki mbili. Sababu si ngumu kuelewa ukijiweka kwenye viatu vya mwizi. Ameshaijua njia ya kuingilia na ya kutokea. Ameshajua mbwa yuko wapi na watu wanatoka saa ngapi. Nyumba za mtaa mmoja mara nyingi zilijengwa na fundi mmoja, kwa hiyo komeo la mlango wa nyuma lililokubali Jumatatu huenda likakubali tena Alhamisi, nyumba ya tatu kutoka pale. Mzoea punda hapandi farasi. Hata nyumba ileile huvunjwa tena: kuna kitu kizito alishindwa kubeba, au mwenyewe ameshanunua kingine kipya.

Sasa hesabu yenyewe. Ichukulie ramani ya mji kama uwanja usiku. Kila wizi unaporipotiwa, taa moja inawashwa pale ulipotokea. Taa hiyo inang’aa sana mahali pake, hafifu ukisogea mbali, na kila siku inafifia. Taa mbili zikiwa karibu, mwanga wake unajumlishana. Chini ya taa hizo kuna mwanga mwingine usiozimika, kama wa mbalamwezi: sehemu ambazo wizi hutokea mwaka mzima kwa sababu zake, kwa mfano maegesho makubwa ya magari. Kila zamu inapoanza, programu inapima mwanga uliojikusanya ndani ya kila kisanduku, inachagua vinavyong’aa zaidi, inavikabidhi kwa askari. Ndiyo akili yote iliyomo.

Utauliza, nani aliiambia taa ififie kwa kasi gani? Hakuna. Hapo ndipo penye utamu. Programu inarudi kwenye kumbukumbu za miaka iliyopita na kumsimamisha kila wizi mmoja mmoja: wewe mtoto wa nani? Haiwezi kujua kwa hakika, kwa hiyo inagawa uzazi. Tuseme wizi wa Alhamisi ni mtoto wa ule wa Jumatatu kwa asilimia 60, wa ule wa wiki iliyopita kwa asilimia 10, na kwa asilimia 30 ulikuja wenyewe, hauna mzazi (tarakimu hizi ni zangu, za kuelezea tu). Ikishagawa hivyo kwa matukio yote, inatazama wazazi na watoto kwa wastani wametengana mita ngapi na siku ngapi. Kutokana na hapo inakisia upya kasi ya taa kufifia. Halafu inarudi kugawa uzazi tena kwa kasi hiyo mpya. Inazunguka hivyo mpaka tarakimu ziache kubadilika. Ni kama kutafuta ndugu kwa kufananisha sura bila kumuuliza mtu yeyote jina la baba yake.

Mimi naona ni kazi safi. Tatizo liko kwenye kinachowasha taa.

Chombo cha kupimia tetemeko kimefukiwa ardhini, hakilali, wala hakichagui. Nacho si malaika: mara tu baada ya tetemeko kubwa, mitetemeko midogo mingi humezwa na kelele na haiandikwi. Lakini angalau ardhi haijali chombo kimewekwa wapi. Uhalifu huwasha taa pale tu mtu anaporipoti, au askari anapokuwapo. Gari likiibwa mwenyewe ataripoti, maana bima inataka karatasi. Bangi ikivutwa uani, haripoti mtu. Kosa hilo linaingia kwenye daftari askari akipita tu. Mpeleke askari palepale kila siku, ataona mengi zaidi pale, taa zitazidi, na kesho atapelekwa tena palepale.

Mwaka 2016 watafiti Kristian Lum na William Isaac walilionyesha hili kwa kuigiza kwenye kompyuta. Walichukua kumbukumbu za polisi za makosa ya dawa za kulevya mjini Oakland, wakazipitisha kwenye hesabu hiyo. Makadirio ya matumizi ya dawa hizo hayakutofautiana sana kati ya weusi na wazungu, lakini hesabu iliwaelekeza polisi kwa weusi kwa kiwango cha karibu mara mbili. Haki itendeke: hilo lilikuwa igizo, si doria halisi, na kampuni ya PredPol ilisema haitumii makosa ya dawa za kulevya, kwa sababu hiyohiyo. Kwa wizi wa magari au nyumba mzunguko huo unapaswa kuwa dhaifu zaidi, ingawa si kila mtaa una imani sawa ya kwenda kuripoti.

Je, ilifanya kazi? Ushahidi ni mwembamba. Mwaka 2015 wabunifu wake walichapisha matokeo ya majaribio: hesabu ilinasa uhalifu mara 1.4 hadi 2.2 kuliko ramani za wachambuzi wa polisi, na doria za visandukuni ziliambatana na upungufu wa wastani wa asilimia 7.4. Si haba, ila baadhi ya waandishi walikuwa na maslahi katika kampuni. Mwaka 2019 mkaguzi wa ndani wa polisi Los Angeles alisema data zilizokuwapo hazikumwezesha kupima mafanikio yake. Aprili 2020 Los Angeles ikaiacha. Juni mwaka huohuo Santa Cruz, waliokuwa wa mwanzo kuijaribu, wakawa mji wa kwanza Marekani kuipiga marufuku.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 2023, waandishi wa habari wa The Markup walipopitia utabiri 23,631 uliotolewa mwaka 2018 kwa polisi wa Plainfield, New Jersey. Chini ya 100 ndio uliokutana na kosa la aina iliyotajwa likaripotiwa. Hiyo haifiki hata nusu ya asilimia moja. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka, kisha nikajizuia kidogo: kisanduku cha mita 150, kosa la aina moja, zamu moja, hata mahali pabaya kweli mara nyingi hapatatokea kitu. Swali la maana zaidi ni kama visanduku hivyo viliwazidi askari wanaoujua mtaa wao, na tarakimu ile peke yake haijibu hilo.

Kampuni ilishabadili jina kuwa Geolitica mwaka 2021, na mwishoni mwa 2023 ikafunga kazi. Baadhi ya wahandisi wake na hataza zake (haki za kumiliki uvumbuzi) vikachukuliwa na SoundThinking, kampuni inayojulikana kwa kuweka vinasa sauti juu ya nguzo na mapaa ili kusikiliza milio ya risasi. Vinasa hivyo hukadiria risasi ilipotoka kwa kulinganisha tofauti ndogo za muda: sauti ilimfikia nani kwanza, nani wa pili, nani wa tatu. Ndivyo hasa wataalamu wa matetemeko wanavyotafuta kitovu.