Barua Yako Haina Kifungo Hiki: Kudai Fidia kwa Jeraha la Neva za Mkono

Mwanamume aliyeketi mbele yangu alikuwa na mikono miwili, na hilo ndilo lililokuwa likimponza. Hana kidonda wala plasta, vidole vyote vitano viko mahali pake. Alikuwa hamali katika ghala moja upande wa Shimanzi, hapa Mombasa. Magunia yaliporomoka, moja likamshukia begani huku shingo ikivutwa upande wa pili, na tangu siku hiyo mkono wa kulia unaning'inia kama kanzu kwenye msumari. Barua aliyopewa kwenye kituo cha afya ilikuwa na mstari mmoja: amepata jeraha la bega, ametibiwa, anaendelea vizuri. Kwa mstari huo alitaka kudai fidia.

Nikamwomba avue shati. Mkono wa kushoto ulifungua vifungo vya kifuani kimoja kimoja, polepole, jasho likimtoka. Kisha akaunyanyua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, kama unavyomnyanyua mtoto aliyelala, akaulaza juu ya meza yangu. Kikabaki kifungo cha mkono wa shati wa kushoto. Kile hukifikii kwa mkono wa kushoto wenyewe, hata ufanyeje. Akaninyoshea, akainamisha kichwa. "Hiki hunifungia mke wangu, daktari."

Nikamwambia, "Barua yako haina kifungo hiki." Na kwa kweli hilo ndilo ninalotaka kulieleza leo, maana katika kazi yangu ya fiziotherapia nimewaona wengi waliokuwa na haki kamili lakini karatasi zao zikawa kimya.

Tuanze na mwili wenyewe. Neva zinazoendesha mkono hutoka shingoni katika mizizi mitano, zikapita chini ya mtulinga, zikasukana kama ukili, ndipo zikagawanyika kushuka hadi vidoleni. Bega likivutwa chini na kichwa kikaenda upande mwingine, zinazoumia ni hizi. Zinaweza kuvutika tu na baadaye zikarudi. Zinaweza kukatika. Na baya kuliko yote, mzizi unaweza kung'oka kwenye uti wa mgongo wenyewe, na hapo hakuna mazoezi yatakayoupandikiza tena. Anayewaka moto kiganjani usiku na mchana, akirushwa na shoti kama za umeme huku mkono wenyewe hausikii hata sindano, mara nyingi mzizi wake umeng'oka. Watu humwona ana wazimu: vipi mkono uliokufa ganzi uume? Unauma, na maumivu hayo ni ya kweli.

Neva inayoweza kuota upya huota kwa mwendo wa takriban milimita 1 kwa siku. Pima kutoka shingoni kwako hadi vidoleni. Kwa mtu mzima ni kama sentimita 70 au zaidi, yaani karibu miaka 2 ya kungoja. Lakini msuli haungoji hivyo. Ukikaa mwaka 1 hadi mwaka 1 na nusu bila neva, unakonda na kuzeeka hata neva ikifika haina cha kuamsha. Ndiyo maana upasuaji wa neva hutakiwa ndani ya miezi 6 ya mwanzo, na ndiyo maana namkasirikia yeyote anayemwambia majeruhi "ngoja tuone" bila kumpeleka mbele.

Sasa sheria. Aliyeumia akiwa kazini nchini Kenya, mlango wake ni ile Sheria ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 ambayo kila mtu huiita WIBA. Si lazima mwajiri awe na kosa. Inatosha uwe mwajiriwa na ajali iwe imetokana na kazi. Wapo wanaokimbilia kwa wakili kwanza wakitaka kesi mahakamani, lakini tangu Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi Desemba 2019, ni wazi kwamba dai huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kupitia ofisi tunazoziita DOSH. Unamjulisha mwajiri, naye anapaswa kuripoti kwa Mkurugenzi ndani ya siku 7 tangu apate habari. Fomu ina sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari. Mwajiri akiwa mzito, nenda DOSH mwenyewe, ukiwa na nakala ya kadi ya matibabu ya siku ile ile uliyoumia. Dai lisipowasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, umejifungia mlango.

Na hapa ndipo majeruhi wa neva anapobanwa na saa mbili zisizokubaliana. Sheria inampa miezi 12 awasilishe dai. Neva yake inataka miaka 2 kujulikana itaishia wapi. Wengi huchagua vibaya kwa pande zote: ama husubiri wapone kwanza, mwaka ukapita, ama hukubali kukadiriwa mwezi wa tatu, wakati kila mtu bado anasema kutakuwa na nafuu. Ninavyowashauri ni hivi: ripoti na dai viende mara moja, lakini asilimia ya ulemavu wa kudumu isikimbiliwe. Daktari aandike wazi kwamba jeraha ni la neva, kwamba hali haijatulia, na kwamba tathmini ya mwisho ifanywe baada ya muda anaoutaja. Wakati huo, kama huwezi kabisa kufanya kazi, sheria ina malipo ya muda ya hadi miezi 12.

Kwa nini nang'ang'ania asilimia? Kwa sababu hesabu ya ulemavu wa kudumu ni mapato ya miezi 96 kuzidisha asilimia uliyopewa, ndani ya kiwango cha chini na cha juu kinachowekwa na waziri. Mwenye mapato ya shilingi 25,000 kwa mwezi, miezi 96 ni shilingi 2,400,000. Akiandikiwa asilimia 20 anapata 480,000. Akiandikiwa 45 anapata 1,080,000. Shilingi 600,000 zimelala katikati ya barua mbili zinazomhusu mtu yule yule na mkono ule ule.

Jedwali la sheria limeorodhesha zaidi viungo vilivyokatwa: mkono, kidole, pingili ya kidole. Mkono ulionyamaza haumo kwa jina. Lakini kiungo kilichopoteza kazi yake yote moja kwa moja huhesabiwa kama kilichokatwa, na jeraha lisilotajwa hukadiriwa kwa kulinganishwa na yaliyotajwa. Kuna na jambo jingine ambalo watu hawalitumii: kama jeraha limemwathiri mtu kupita kawaida kwa sababu ya aina ya kazi yake, Mkurugenzi anaweza kupandisha asilimia. Basi kazi yako iandikwe. "Mfanyakazi wa ghala" haitoshi. Andika kwamba unabeba magunia ya kilo 50 au 90 kutoka lori hadi rundoni, mikono yote miwili juu ya kichwa, kutwa nzima, na kwamba mkono ulioumia ndio unaoutumia zaidi. Neno linalonikera kuliko yote katika barua za hospitali ni "kazi nyepesi". Anaweza kufanya kazi nyepesi. Ipi? Hamali aliyeishia darasa la sita apewe kazi gani nyepesi, na nani?

Ripoti nzuri ya neva ina namba. Kila msuli mkubwa upewe daraja kutoka 0 hadi 5, ambapo 0 hautikisiki kabisa, 3 unainua uzito wa mkono wenyewe tu, na 5 ni nguvu kamili. Mzunguko wa mkono upimwe kulia na kushoto kwa utepe, kwa umbali ule ule kutoka kwenye kiwiko, maana msuli uliokonda hausemi uongo. Nguvu ya kushika ipimwe kwa mashine, mara kadhaa. Ngozi iliyopoteza hisia ichorwe. Kipimo cha umeme wa neva na misuli, EMG, kinasaidia sana, ila kikifanywa kabla ya wiki 3 hivi kinaweza kuonyesha afadhali isiyokuwepo, kwa sababu neva iliyokatika huchukua muda kufa upande wa chini. Nimewahi kuona dai likikataliwa kwa EMG ya siku ya tano. Aliyefanyiwa mapema arudie.

Dawa nazo ziandikwe. Zile za kutuliza moto wa neva huleta usingizi na kizunguzungu, na kama kazi yako ni kuendesha forklifti, hilo nalo ni ulemavu wa kazi.

Kisha kuna yale yasiyoonekana kliniki, ambayo wewe ndiwe shahidi wake. Nunua daftari la shule. Andika kila siku mistari miwili mitatu: leo nimeshindwa kukamua nguo, nimepasua ndizi kwa meno, nimeungua kiganja na sufuria nisijue mpaka nikaona lengelenge. Andika na siku nzuri. Nasema hili kwa msisitizo, kwa sababu kuna wanaodhani kutia chumvi kunasaidia. Anayelegeza mkono kwa makusudi kwenye mashine ya kushika hutoa namba zinazorukaruka, na kiganja chenye sugu mpya hakiwezi kuwa cha mkono uliolala mwaka mzima. Daktari akishakushuku jambo moja, hata la kweli halitamwingia. Sema unachoweza, sema na kinachokugharimu ukishafanya: "Naweza kuinua kikombe, lakini nikifanya hivyo mara tano bega linawaka hadi alfajiri."

Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kuwasilisha pingamizi, na baada ya jibu lake kuna rufaa katika mahakama ya masuala ya ajira. Pingamizi la "asilimia ni ndogo" ni dhaifu. Pingamizi lenye ripoti mpya, yenye namba nilizotaja, lina miguu.

Mlango wa pili, ulio tofauti kabisa, ni Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Hapo unapimwa katika hospitali ya serikali, unasajiliwa, unapata kadi. Haikulipi fidia. Ila mwenye kipato anaweza kuomba asitozwe ushuru wa mapato kwenye shilingi 150,000 za kwanza kwa mwezi, na mtumishi wa umma hustaafu akiwa na miaka 65 badala ya 60. Zile shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, zinawalenga wenye ulemavu mkubwa wanaohitaji kuangaliwa kutwa kucha, kwa hiyo mwenye mkono mmoja asizitegemee.

Wanaoniumiza moyo ni vijana wa bodaboda. Ajali za pikipiki ndizo zinazong'oa mizizi hii kwa wingi, kwani bega ndilo hutangulia lami, na wengi wao hawana mwajiri, kwa hiyo WIBA haiwagusi. Kama gari jingine ndilo lenye kosa, dai ni dhidi ya bima ya gari hilo, na hapo ripoti ya polisi na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandikia majeraha, ndizo nguzo. Kama ni kosa lako au aliyekugonga alitoroka, kadi ya Baraza ndiyo inayobaki, na upasuaji wa mapema ukiweza kuupata.

Yule hamali alirudi baada ya wiki mbili na daftari lenye kurasa tisa. Mkewe ndiye aliyeandika, yeye akisimulia. Ripoti yangu kwa daktari wake ilikuwa na madaraja ya misuli kumi na mbili, tofauti ya sentimita 3 kati ya mkono na mkono, na sentensi moja kuhusu kifungo. Ukiwa na miadi ya tathmini wiki hii, njoo na kadi ya siku ya ajali, risiti za mshahara au ushahidi wa malipo ya M-Pesa, na uvae shati la mikono mirefu.