Usimamizi shirikishi wa utalii: maana yake hasa

Kijana wa kijijini kapewa kazi ya kubeba mizigo, kinamama wamecheza ngoma mbele ya wageni, basi, ripoti inaandika kuwa jamii "imeshirikishwa". Hiyo ni ajira, na si haba, lakini usimamizi ni jambo jingine. Usimamizi shirikishi ni pale wanakijiji wanapokuwa na kauli: wageni wapite wapi, eneo gani lisiguswe, na pesa ya kiingilio igawanywe vipi.

Twende Jozani, Unguja, msitu uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Watalii huja kumwona kima punju, mnyama wa Zanzibar asiye na kwao kwingine. Bahati mbaya kima hajui mpaka wa hifadhi. Hutoka msituni akaingia mashambani, akapanda mnazi na kula vidaka na vitale kabla havijawa dafu. Mgeni amelipa kumpiga picha. Mwenye mnazi amepata nini? Ndiyo maana sehemu ya mapato ya utalii ikaelekezwa kwa vijiji jirani na kwa wakulima ambao kima hula kwao. Kijiji cha Pete nacho kikapata njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, na wageni wanailipia.

Watafiti waliohesabu nazi huko miaka ya 1990 walikuta kuwa minazi inayoliwa na kima haikuzaa kidogo kuliko mingine. Sawa, lakini jaribu kumwambia hivyo mtu aliyeamka na kukuta vitale vimetapakaa chini ya mnazi wake! Kumsikiliza huyo ni sehemu ya usimamizi pia.

Tanzania Bara kuna Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, ambazo wengi huziita WMA tu. Burunge, kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, ni mojawapo. Vijiji hutenga ardhi kwa mpango wa matumizi uliopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, huchagua wawakilishi wao katika jumuiya, na jumuiya huingia mikataba na wawekezaji wa kambi na hoteli. Ardhi ni ya kijiji, ila tembo anayeikanyaga ni mali ya umma chini ya serikali. Mvutano mwingi huanzia hapo, hasa ada za watalii zinapopitia kwanza serikalini kabla ya kugawanywa.