Mtu wa kompyuta shuleni, vyeti vyake na pensheni yake

Mwalimu akisahau nywila ya ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, anakuja kwangu. Akitaka kuwekewa PSSSF Kiganjani, programu ya mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kwenye simu iliyopasuka kioo, anakuja kwangu. Kazi yangu ni kompyuta za shule hapa Tanga mjini, lakini miaka inavyokwenda nimegeuka karani wa pensheni bila barua ya uteuzi. Kwa kukaa hapo pembeni ya skrini nimesikia mengi. Mengine ya kuchekesha, mengine yameshamla mtu miaka yake.

Linalovuma kuliko yote ni hili: usipohudhuria mafunzo kazini, hupati pensheni. Najua lilikotoka. Tangu ilipokuja MEWAKA, mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, vikao vya jumuiya za ujifunzaji vinaandikwa mahudhurio. Halafu 2023 ikaingia PEPMIS, utendaji wa kila mtumishi ukaanza kupimwa ndani ya mfumo. Mtu anaona jina lake linapigwa alama kila mahali, anahitimisha kwamba alama hizo ndizo zitakazomlipa uzeeni.

Sizo. Mfuko unatazama vitu viwili, umri na miezi. Umri ni 55 ukistaafu kwa hiari, 60 kwa lazima. Miezi ni 180 ya michango, yaani miaka 15. Hakuna afisa wa mfuko atakayekuuliza ulisomea mtandao wa kompyuta wapi. Mkuu wako wa shule anaweza kuwa na lake la kusema kuhusu semina ulizokwepa, lakini hilo ni baina yako na yeye.

Kutoka hapo vijana wanaruka upande wa pili: "Basi nikitimiza miaka 15, mgosi, nastaafu zangu nikiwa na 42, nafungua duka la simu barabara ya 12." Duka fungua, ila hukustaafu, umeacha kazi. Miezi 180 bila umri inakufanya mtu wa kusubiri hadi ufike 55. Fao la kukosa ajira nalo limewekwa kwa aliyepoteza kazi, si kwa aliyeandika barua ya kuacha mwenyewe.

Na wenye shahada ya uzamili wanaodhani umri wao wa lazima unasogea hadi 65? Umri huo uliwekwa kwa maprofesa, wahadhiri waandamizi wa vyuo vikuu vya umma na madaktari bingwa. Mwalimu wa TEHAMA wa sekondari, hata akiwa na shahada mbili ukutani, 60 ikifika anakabidhi funguo za maabara.

Sasa, je, kusoma hakuna maana kwa pensheni? Ina maana, ila inaingia kwa mlango wa nyuma, ambao ni mshahara. Kanuni inachukua wastani wa mishahara ya miaka mitatu iliyo bora ndani ya miaka kumi ya mwisho, inazidisha kwa miezi uliyochangia, inagawa kwa 580. Tuseme una miezi 240 na wastani wako ni shilingi 900,000 kwa mwezi. Pensheni kamili kabla ya kutoa sehemu ya mkupuo, ile inayolipwa mara moja ukistaafu, inakuja kama 372,000 kwa mwezi. Mwenzako mwenye miezi ileile, aliyejiendeleza akapanda cheo hadi wastani wa 1,200,000, anapata kama 496,000. Cheti chenyewe hakijaongeza hata senti. Kilichoongeza ni cheo kilichofuata, na kimeongeza kwa sababu kilikuja mapema, kikakaa miaka mitatu kwenye hati ya mshahara.

Kuhusu huo mkupuo, bado nawasikia watu wakibishana kwa takwimu za zamani. Kuanzia Julai 2022 ulikuwa asilimia 33. Kwenye bajeti ya 2024 Serikali ikatangaza kuupandisha hadi 40 kwa kundi lililokuwa likipata 50 kabla ya hapo, na 35 kwa lililokuwa likipata 25. Anayekuambia utachukua nusu anakusimulia habari ya kaka yake aliyestaafu zamani.

Eneo linaloniumiza zaidi ni kubadili kada. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, umekuwa ukigawa kompyuta kwa shule za umma na kuwapeleka walimu vyuoni, UDOM, DIT na MUST, wakafundishwe kuzitumia na kutengeneza hitilafu ndogondogo. Ni mafunzo mazuri. Lakini mwalimu akirudi na cheti chake anaanza kujiita afisa TEHAMA. Bado ni mwalimu. Yuko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, mshahara wake uko ngazi za walimu, TGTS, na mafunzo ya siku chache hayamhamishi popote.

Anayetaka kuhama kwelikweli asome kozi inayotambulika, aende masomoni kwa ruhusa ya mwajiri akiwa ameshathibitishwa kazini, kisha aombe kubadilishiwa kada, na nafasi iwepo kwenye ikama, orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa. Aliyesoma kimyakimya akaja kuibua cheti mwishoni ndiye huwa anazungushwa. Na hata akikubaliwa, kuna jambo ambalo vijiweni halisemwi: kada mpya unaiingia kwa cheo cha kuanzia. Ikiwa mshahara wako wa ualimu ulishapita hapo, unaombewa kubaki nao kama mshahara binafsi, na unakaa nao hadi cheo kipya kiufikie. Kwa mtu wa miaka 35 si neno. Kwa mtu wa miaka 52 ni hesabu ngumu, kwa sababu ile miaka kumi inayopigiwa wastani ndiyo hiyo anayoikaa mshahara ukiwa umesimama. Mimi mwenyewe niliijaza fomu ya kubadili kada nikiwa nimeshachelewa, nikapiga hesabu usiku nyuma ya daftari la mwanangu, asubuhi nikaichana.

Kusoma kwenyewe hakukati miezi ukiwa masomoni kwa malipo, michango inaendelea. Likizo bila malipo ndiyo inayoacha shimo: hakuna mshahara, hakuna mchango, hakuna mwezi. Ndiyo maana wengi wetu huku tumepitia kituo cha Chuo Kikuu Huria, mchana uko kazini, jioni uko na vitabu. Kunachosha, lakini miezi haikatiki.

Posho nazo zinadanganya. Anayelipwa posho ya kusimamia maabara jioni anadhani uzee wake unanenepa. PSSSF inakatwa kwenye mshahara wa msingi, wewe asilimia 5 na mwajiri 15. Posho ni ya kula samaki wa Deep Sea leo. Shule binafsi, ambako watu wako mfuko wa NSSF, jumla ya michango ni asilimia 20 ya mshahara ghafi, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya 10 katika hizo.

Huko shule binafsi, na kwa wale wanaolipwa kwa michango ya wazazi, ndiko ilipo dhana mbaya kuliko zote: kwamba miaka ya kazi ni sawa na miaka ya kuchangia. Nilianza hivyo. Shule moja, sitaitaja, niliitunzia kompyuta miaka sita kwa jina la kujitolea, nikilipwa bahasha mkononi. Miaka sita ni miezi 72. Kwenye taarifa yangu ya michango ni sifuri. Mtu aliyeajiriwa rasmi akiwa na miaka 46 anafika 60 na miezi 168, kumi na miwili pungufu. Huyo analipwa mkupuo wake mara moja na hana pensheni ya kila mwezi, hata kama ameshika bisibisi shuleni tangu ana 30.

Aliyechangia kweli NSSF kisha akaajiriwa serikalini asifadhaike, maana sheria inaruhusu vipindi vya uchangiaji vya mifuko miwili kujumlishwa. Ila vijumlishwe vipindi vilivyopo. Tarehe ya kuzaliwa nayo ni ileile uliyoandika siku ya kwanza ya ajira. Kiapo cha mahakamani kilichoandaliwa ukiwa na 58 hakikurudishi ujanani.

Juzi alinijia kijana wa shule moja ya binafsi upande wa Pongwe. Shikamoo, marahaba, akanyoosha simu: alikuwa anataka nimsaidie kujiandikisha kozi ya usalama wa mitandao. Nikamwambia tufungue kwanza taarifa yake ya NSSF. Tukahesabu pamoja, kidole kwenye kioo. Ana miaka minne kazini, miezi 48. Iliyoingia ni 31. Hati zake za mshahara zote zinaonyesha amekatwa. Hakusema kitu, akaomba karatasi ngumu ya kuzifungia, akazipanga kwa tarehe. Kozi tulimwandikisha kesho yake mchana, alipotoka ofisi za mfuko.