Jirani si muumini mwenzako tu

Hapa Malindi utasikia Mkristo akisema upendo wa jirani ni wa watu wa kanisani. Mwislamu wa nyumba ya pili hukumbukwa siku ya mkutano wa injili. Luka 10 haisemi hivyo. Mwanasheria alipouliza jirani yake ni nani, Yesu alimtolea mfano wa Msamaria, mtu wa jamii ambayo Wayahudi hawakuchangamana nayo. Kuhani alimpita mtu aliyejeruhiwa na wanyang'anyi njiani, Mlawi (mhudumu wa hekaluni) naye akapita. Msamaria alimfunga majeruhi vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake, akamlipia dinari 2 nyumba ya wageni (na akaahidi kuongeza akirudi!). Mahubiri hayatajwi, wala swali la dini. Basi kukiwa na msiba mtaani Shela, nenda ukateke maji na kupanga viti, hata kama hakuna atakayekuja ibadani Jumapili.