Nani anatumia seva ya majaribio, na hadi lini?

Ofisini kwetu hapa Kisumu, vikundi kadhaa vya wanaprogramu hutumia seva moja ya majaribio, yaani kompyuta ya pamoja ya kujaribia programu, nami ndiye mtunzaji wake. Sheria ninayoisisitiza kuliko zote ni hii: ukichukua nafasi, andika utaiachia lini. Jina peke yake halinisaidii. Diski ikijaa, ninachotaka kujua ni kama ile hifadhidata kubwa bado ina kazi au niifute, na mwenyewe huenda yuko likizoni Busia, simu imezimwa.

Maandishi hayo yakae kwenye seva yenyewe. Kundi la WhatsApp halifai. Ujumbe huzama kabla ya chakula cha mchana. Sisi hutumia faili ya /etc/motd, ambayo kwenye mfumo endeshi wa Linux maandishi yake humtokea kila anayeingia: mstari mmoja kwa kila mtu, wenye jina, kazi, namba ya poti, yaani mlango wa mtandao ambao programu yake inatumia (8080 hugombaniwa sana), na tarehe ya kuondoka. Tarehe ikipita bila kuongezwa, nafuta. Nimeitwa mkatili kwa hilo, sawa tu.

Kinachotatiza zaidi ni saa. Mtu huandika "naiwasha upya saa 8". Yeye anamaanisha saa nane mchana. Mwenzake aliyezoea saa ya simu anaelewa saa mbili asubuhi. Nazo kumbukumbu za seva, zinazofuata UTC (saa ya kimataifa), zitaandika 11:00 kwa kuwa sisi tuko mbele kwa saa 3. Ndiyo maana tunaandika 14:00 EAT (saa za Afrika Mashariki), hakuna mjadala. Kisha amri ya kuiwasha upya iwe shutdown -r +15, ili walioingia wapate onyo na dakika 15 za kuhifadhi kazi zao. Likizuka jambo, shutdown -c huisitisha.

Kila mtu na akaunti yake. Mkiingia nyote kwa akaunti ya "test", amri ya last, inayoorodhesha walioingia, itawaonyesha "test" huyo huyo, mchana na usiku. Kazi za cron, zile zinazojiendesha zenyewe kwa ratiba, nazo ziandikwe, maana huamka wakati aliyezipanga amelala.

Data ya wateja halisi haiingii humo, hata kwa "dakika mbili tu". Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamlinda mteja popote taarifa zake zilipo, seva ya majaribio ikiwemo. Anayejaribu malipo ya M-Pesa atumie mazingira ya majaribio ya Daraja, jukwaa la Safaricom la kuunganisha programu na M-Pesa. Namba ya biashara 174379 imewekwa huko kwa kazi hiyo.