Seli Imekalia Nini?

Juzi mwanafunzi wangu aliniletea sahani ya seli shina za panya, uso umemshuka. "Daktari, zimekataa." Nikazitazama kwa hadubini: zimejikunja vidonge vidonge, zinaelea, hakuna iliyoshika. Nikamuuliza jeli, ile tunayoitandika chini ya sahani ili seli zishike, aliitoa kwenye barafu saa ngapi.

Uji huganda ukipoa. Jeli hii, iliyosheheni protini za laminini na kolajeni, huganda ikipata joto. Ikishavuka nyuzi 10 hivi, imeanza. Nairobi tunalalamikia baridi ya Julai, lakini kwa jeli hii hata Julai ni joto. Hata ncha za pipeti tunazilaza kwenye friji. Yeye alikuwa ameiacha mezani akaenda kunywa chai.

Wengi huona protini hizi, ambazo seli huzitoa na kuzitandika nje yake, kuwa gundi tu. Mimi sikubali. Tazama kiinitete cha panya kinapofikisha siku ya nne hivi. Seli za nje zitajenga kondo la nyuma. Za ndani hugawanyika: epiblasti, ambayo ndiyo itakayokuwa mwili wenyewe, na endodemu ya awali, tabaka jembamba linaloifunika. (Mgawanyo huo huongozwa hasa na FGF, protini ambayo seli hutumiana kama ishara; matriksi, yaani hizo protini za nje ya seli, haitawali kila kitu.) Endodemu ndiyo inayotoa laminini na kuitandika kama mkeka mwembamba chini ya epiblasti. Seli za epiblasti huugusa mkeka huo kwa integrini, protini za kwenye utando wa seli zinazoshika kama vidole, na hapo ndipo hujua chini ni wapi. Hujipanga kama petali za waridi, kisha katikati hufunguka uwazi. Watafiti Bedzhov na Zernicka-Goetz walilionyesha hilo mwaka 2014.

Protini hizi zingekuwa gundi tu, kuondoa yoyote kungeleta hasara ileile. Sivyo. Panya asiye na jeni ya mnyororo wa gama-1, mmoja wa minyororo mitatu inayoijenga laminini, hufa karibu na siku ya tano na nusu. Mkeka hautandikwi kabisa. Asiye na fibronektini, protini nyingine ya nje ya seli, hujipandikiza vizuri tu kwenye mfuko wa uzazi, kisha huharibikiwa kwenye siku ya nane, mesodemu, tabaka la kati la kiinitete, inapotakiwa kujenga moyo na mishipa. Asiye na kolajeni ya aina ya nne hufika siku ya kumi au kumi na moja: mkeka ulitandikwa, ila hauhimili.

Mwanafunzi alirudia kazi, kichupa cha jeli kikiwa kimezama kwenye barafu hadi shingoni. Asubuhi seli zilikuwa zimelala bapa, zimenyoosha miguu. Chai alikunywa baadaye.